Mama Herufi Achora Bahari Ukutani

Kila kibao unachokiona kuanzia sokoni mpaka kwenye kituo cha kivuko kimepita mikononi mwa mwanamke mmoja. Duka la dawa, fundi cherehani, mchonga funguo, hata lile onyo la "Usikojoe hapa" nyuma ya ghala, ambalo watu hulisoma kwanza ndipo wakojoe, yote ni kazi yake. Tunamwita Mama Herufi. Jina la kuzaliwa analo, lakini hata mumewe hulitumia siku za kuomba msamaha tu.

Mimi nakata tiketi pale kivukoni, na nyumba yao na yangu zinagawana ukuta. Kwa hiyo haya ninayosimulia, mengine nimeyaona kwa macho yangu, na mengine nimeyasikia kupitia ukutani, au ameniambia mwenyewe tukianika nguo.

Baba yake alikuwa seremala wa masanduku ya wanafunzi. Mzee akishapiga msumari wa mwisho, binti anachuchumaa na kopo la rangi nyeupe na kuandika jina la mwenye sanduku. Shule aliiacha mapema, lakini herufi hazikumwacha yeye. Akatoka kwenye masanduku akaingia kwenye mikokoteni, kutoka mikokoteni akapanda malori, na kutoka malori akashuka madukani, mpaka mji mzima ukawa daftari lake.

Mumewe alimpata kazini. Kijana mmoja alifungua kibanda cha kunyoa akamwomba amwandikie "Kinyozi Hodari". Yeye akaandika "Kinyozi", akafunika kopo.

"Bado neno moja," kijana akasema.

"Sijakuona ukinyoa. Hiyo Hodari tutaiangalia."

Akaacha nafasi yake ubaoni. Kijana wa watu akanyoa kichwa cha kaka wa binti, cha baba yake, cha wajomba zake, na kila kichwa kilipofika nyumbani binti alikikagua kama anayechagua tikiti maji. Mwaka ulipokaribia kwisha akabeba ngazi, akaenda kuijaza ile nafasi. Haukupita muda wakaoana, na watu wakasema ile ndiyo posa ya kwanza kujibiwa kwa rangi ya mafuta.

Kinyozi alikuja na mama yake. Bibi huyo, mdogo wa umbo na mkubwa wa maneno, aliishi nao miaka yote bila kumsifu mkwewe hata siku moja. Chai ikiwa tamu, sukari imemwagwa ovyo. Ikipungua, sukari imefichwa. Mama Herufi alishamzoea. "Mama akinyamaza ndiyo napata wasiwasi," alikuwa akiniambia.

Kulikuwa na jambo moja tu lililomnyamazisha Bibi. Ukimuuliza kwao ni wapi, alikuwa akinyoosha kidole kuelekea baharini, mbele ya gati, pale kivuko kinapogeukia.

"Pale wapi, mama? Pale ni maji," mwanawe alimwambia zamani.

"Sasa ni maji. Nilipozaliwa palikuwa na nyumba."

Kinyozi akalifanya kichekesho cha kibandani. "Mama yangu amezaliwa baharini," aliwaambia wateja huku akinoa wembe, "ndiyo maana amekula chumvi nyingi." Watu wakacheka, Mama Herufi naye akacheka. Bibi aliposikia mzaha umeenea, akaacha kupataja kwao. Ukimuuliza anakwambia, "Kwetu ni hapa nilipokaa," kisha anakugeuzia mgongo.

Basi mwaka mmoja ukumbi wetu wa abiria ulipakwa chokaa upya, na msimamizi wa kituo, mtu nadhifu anayepiga pasi hata leso, akamwita Mama Herufi. Alitaka ukuta mrefu upambwe, ili kivuko kikichelewa, na huchelewa, abiria wawe na kitu cha kutazama badala ya kumtazama yeye.

"Nataka pomboo," alisema. "Pomboo wawili wanaruka."

"Bosi, mimi ni mtu wa herufi. Pomboo wangu watafanana na viatu vya mvua."

"Jaribu tu."

Mama Herufi aliingia ofisini kwa msimamizi kuchukua ngazi, na juu ya kabati akaona bomba la bati lenye vumbi. Akauliza ni nini. Msimamizi akasema ni ramani ya zamani ya mabaharia, ilikuja pamoja na kabati, hajui hata nani aliiweka. Wakaifungua juu ya meza. Karatasi nene, iliyobandikwa kitambaa kwa nyuma, rangi yake kama chai iliyotiwa maziwa. Ufuo wetu ulikuwa umechorwa kwa mistari myembamba kama unywele, tarehe yake imezidi miaka mia, na bahari yote imetapakaa namba kama mchele uliomwagika.

"Namba hizi ni za nini?"

"Kina cha maji," msimamizi akamweleza. "Walikuwa wanatupa bildi, kamba yenye kipande cha risasi mwishoni. Ikigusa chini wanahesabu pima, yaani urefu wa mikono miwili ikinyooshwa. Kila namba unayoiona, mtu ametupa kamba mahali pale."

"Kila namba?"

"Ametupa, amevuta, ameandika. Halafu anasogea kidogo, anatupa tena."

Mama Herufi akavuta kiti akaketi. Nilikuwa nimepeleka chai, nikamwona anavyopitisha kidole juu ya karatasi bila kuigusa, kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto aliyelala. Akasema, "Bosi, nipe ukuta wote. Nakuwekea hii."

"Na pomboo wangu?"

"Watapata kona yao."

Hakuitia ramani hata alama moja. Aliifunika kwa nailoni nyepesi, akachora miraba juu ya nailoni. Kisha akapiga miraba mikubwa ukutani kwa uzi uliopakwa chaki: anauvuta, anauachia, unalia pwa, mstari umenyooka. Akawa anahamisha mraba mmoja mmoja. Alianzia upande wa kaskazini, juu ya mabenchi, na kabla ya wiki kwisha abiria walikuwa wanafika mapema kuliko walivyozoea.

Wa kwanza kuleta vurugu alikuwa muuza nyanya. Alisimama na tenga lake akauliza, "Na mimi hapo niko wapi?"

Mama Herufi akatafuta kilima ambacho leo kina tangi la maji, akakipata, akashuka nacho kwa kidole mpaka usawa wa soko. Kidole kikatua juu ya namba.

"Uko chini ya maji. Pima mbili."

"Mimi?"

"Wewe, meza yako na mwavuli wako."

Muuza nyanya akatua tenga chini, akatazama ile namba. "Sasa nimepata jibu," alisema. "Kila siku wananiambia nyanya zangu zina maji mengi."

Ukumbi ulicheka mpaka nahodha akateremka kuuliza kuna nini. Msimamizi alitoka ofisini kututuliza, akaishia kueleza: soko lote, barabara ya mbele na nusu ya mtaa wa maduka vilikuwa bahari, mpaka bandari ilipojengwa na mawe ya kilima kubebwa kuja kujaza maji. Ndiyo maana kilima kwenye ramani kina mabega mapana na kile tulichonacho ni chembamba. Tumekitandika chini tukakijengea maduka.

Tangu siku hiyo kila mtu alitaka kujua kina chake. Kituo cha mafuta: pima moja. Benki: matope. Kinyozi Hodari alikuta kibanda chake kimo katikati ya mikoko, akasema afadhali, kuna kivuli. Watu wakawa wanaamkiana barabarani, "Habari za pima mbili?" na mwenzake anajibu, "Bado naelea."

Kisha yakaja majina. Mabaharia wageni waliochora ramani waliandika kila walichoambiwa na wenyeji, na Mama Herufi alikuwa akiyasoma kwa sauti huku akiyanakili. Kulikuwa na ghuba ndogo iliyoandikwa Nendazako. Alirudia mara mbili kabla benchi la mbele halijashtuka. Yaani mgeni ametia mguu nchi kavu, amemuuliza mtu jina la mahali, amejibiwa "nenda zako", akashukuru na kuandika. Mbele yake kulikuwa na mwamba uitwao Mulizemama. Hapo bila shaka aliyeulizwa ni mtoto, akajibu "muulize mama". Msimamizi alishauri majina hayo yarekebishwe, ukumbi mzima ukamkatalia. Mama Herufi akayaandika kwa herufi zake nzuri kabisa, zenye mikia.

Kazi ilisonga kusini, mpaka ukuta ukaisha. Uliishia kwenye dirisha langu la tiketi, na ramani ilikuwa bado. Lililobaki ni lango la maji kivuko kinapopita, na ng'ambo yake. Watu wa ng'ambo wakaliona hilo kabla ya rangi kukauka.

"Mama, sisi umetukata miguu," mmoja wao alimwambia.

"Ukuta ndio umewakata."

"Ukuta una kona. Mbona hata nzi anakunja kona?"

Msimamizi alisema panatosha, palipobaki aweke pomboo. Lakini asubuhi yake Mama Herufi alifika na kopo jipya la buluu na kunigongea kioo. "Rudisha kichwa ndani, jirani, nakupitisha baharini." Akaizungusha bahari kwenye fremu ya dirisha langu, akakunja kona, akaendelea kwenye ukuta wa pili. Kwa hiyo mpaka leo mimi nakata tiketi nikiwa katikati ya maji, pima sita kulia na pima nane kushoto.

Katika mraba wa kwanza baada ya kona ndipo aliposimama. Ramani ilionyesha ulimi wa mchanga umejitokeza kwenye lango, na juu ya huo ulimi vijiraba vitano vidogo na duara lenye nukta. Hapakuandikwa jina. Akamwita msimamizi, akamuuliza duara ni nini.

"Kisima. Na hivyo vijiraba ni nyumba."

Mama Herufi akabeba ramani mpaka mlangoni. Akatazama kilima, akatazama ncha ya ng'ambo, akatazama karatasi. Kisha akatazama pale kivuko kinapogeukia, palipokuwa na maji matupu yanayometa. Alirudi dirishani kwangu akiwa ameshika mdomo.

"Jirani, tumemcheka mama wa watu bure."

Nyumbani alimkuta Bibi anachambua maharage. Akaketi kando yake, naye akachukua konzi moja akaanza kuchambua.

"Mama, pale kwenu palikuwa na nyumba ngapi?"

Bibi hakuinua kichwa. "Mumeo ameishiwa vichekesho?"

"Nauliza mimi. Nataka kupachora."

Maharage yakaendelea kudondoka siniani. "Tano," Bibi alisema mwishowe.

"Na kisima?"

Hapo mkono ukasimama. "Nani amekwambia kulikuwa na kisima?"

"Kimechorwa, mama. Na nyumba zote tano."

Bibi akaichungulia konzi ya mkwewe. Kisha akasema, "Maharage yako yana mawe, unachambua kama kipofu." Lakini sauti, aliniambia Mama Herufi, haikuwa ile ya siku zote.

Kesho yake Kinyozi alifunga kibanda, akamleta mama yake kivukoni amevaa nguo zake za kutokea. Ukumbi ulikuwa umejaa, kivuko kimechelewa. Watu wakampisha. Bibi akasimama mbele ya vijiraba vitano vibichi, mikono nyuma, kama mkaguzi. Hata mimi niliacha kukata tiketi, na foleni haikulalamika.

"Kisima umekiweka mbali," Bibi alisema.

"Ndivyo karatasi inavyosema, mama."

"Karatasi haikuchota maji. Niliyechota ni mimi."

Akasogea karibu zaidi. Kidole chake kikapita nyumba moja, kikatua kwenye ya pili. "Hii ndiyo yetu. Mlango ulitazama huku." Akageuka kwa mkwewe. "Weka mlango."

Mama Herufi akatoa brashi nyembamba kuliko zote, akaweka mlango. Bibi akaukagua, na hakuutia kasoro. Kisha akaanza kusema, kwa ukuta zaidi kuliko kwetu: jinsi bahari ilivyokuwa ikimega mchanga kidogo kila mwaka, baba yake akarudisha jiko nyuma, kisha akalirudisha tena, watu wakalizoea jiko linalotembea. Hatimaye kisima kikaingia chumvi, na mahali pasipo maji ya kunywa hapakaliki. Kila mtu akashika njia yake. Yeye alikuja upande huu begani kwa mjomba wake, mkononi ameshika sufuria.

Kinyozi alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. "Mama, nisamehe. Nilikufanya kichekesho."

"Ulikuwa unachekesha kweli," Bibi alisema. "Na hukusema uongo. Chumvi nimekula."

Wakati huo kivuko kilikuwa kimeshafunga gatini na watu wa ng'ambo wanaingia ukumbini. Kati yao alikuwemo ajuza mrefu mwenye mkongojo, aliyekuja mjini kutengenezewa miwani. Alipita nyuma ya kundi, akamsikia Bibi akimhesabia mwanawe nyumba tano, akasimama.

"Nani anasema nyumba tano?"

"Mimi," Bibi akajibu bila kugeuka.

"Zilikuwa tano na banda la mbuzi."

"Banda la mbuzi si nyumba."

"Mvua ilipoezua paa letu tulilala humo wiki nzima. Kwetu ilikuwa nyumba."

Bibi akageuka. Akamtazama yule ajuza kuanzia mkongojo mpaka kilemba, akakunja uso, akaukunjua. "Aliyelala na mbuzi," alisema taratibu, "ni Kiroboto."

Ajuza akaangusha mkongojo. "Domo?"

Hivyo ndivyo mji wetu ulivyojua kwamba Bibi alipokuwa mtoto aliitwa Domo. Kinyozi ilibidi aketi kwa kicheko. Wale wazee wawili wakashikana mabega, wakacheka bila sauti, wakitikisika, kila mmoja akimpiga mwenzake mkono kama anayehakikisha kwamba yupo. Miaka yote hiyo mmoja aliishi upande huu na mwingine ng'ambo, na katikati yao ni safari ya kivuko isiyotosha hata kumaliza pakiti ya karanga.

"Nilisikia nyinyi mlihamia bara," alisema Kiroboto.

"Na mimi nilisikia mlipanda meli."

"Meli ya wapi? Tulipanda mtumbwi, tukashuka hapo mbele."

Tukawapisha kwenye benchi. Mama Herufi alingoja wafute macho, kisha akauliza swali lake, maana kazi ni kazi. "Mama zangu, karatasi haina jina. Hapa niandike nini?"

Wakatazamana.

"Tulisema kwetu tu," alisema Bibi. "Nani anapaita kwao jina? Ila wale wa kisimani tuliwaita watu wa Chini."

"Na nyinyi tuliwaita watu wa Juu," alisema Kiroboto. "Walikuwa wanaringa sana hawa."

"Juu kwa kimo gani?" Kinyozi akauliza.

"Cha goti," wakajibu kwa pamoja.

Basi Mama Herufi akaandika "Juu" kando ya nyumba mbili na "Chini" kando ya nyumba tatu. Banda la mbuzi akaliongeza kwa nukta. Kuhusu kisima, Kiroboto alikitazama kwa makini, akasema kipo pale pale kilipokuwa, ila watu wa Juu walikuwa wavivu wa kutembea. Bibi akasema atalijibu hilo akishakunywa chai, na kweli alilijibu, mpaka kivuko cha jioni.

Pomboo walichorwa kwenye kona ya mwisho, na msimamizi anawaonyesha wageni kwa fahari bila kuwaambia ni nini. Mama Herufi siku hizi anaitwa na shule na ofisi kuchora ramani, na kwa kila mahali anapochora anawaita kwanza wazee waketi mbele ya ukuta. Sifa hajazipata nyumbani. Lakini Kiroboto aliniambia kwamba kule ng'ambo Bibi hana hadithi nyingine ila ya mkwe wake na brashi yake, watu wameshachoka.

Maana Bibi sasa ni abiria wangu. Mara ya kwanza alipovuka kwenda kukaa kwa mwenzake tulikwenda wote, ilikuwa siku yangu ya mapumziko. Kiroboto alikuja kumchukua. Tulikaa mbele, Kinyozi na begi la mama yake mapajani, Mama Herufi na rangi ya buluu ambayo haimtoki kuchani. Kivuko kilipofika kwenye ule mgeuko, Bibi akainuka akashika ukingo, na Kiroboto akainuka kando yake. Wakatazama kilima, wakatazama ncha ya ng'ambo, wakanong'onezana na kubishana kidogo.

"Hapa," akasema Bibi, akawageukia abiria wote. "Sasa tumeingia jikoni kwetu."

Kisha akamwona mwanamume mmoja wa makamo, amekaa karibu na ngazi, mguu juu ya mguu.

"Wewe baba, na viatu vyako hivyo?"

Yule bwana akamtazama Bibi, akatazama maji, akatutazama sisi. Akainama, akafungua kamba, akavivua vyote viwili na kuvipanga vizuri chini ya benchi, akakaa pekupeku mpaka tulipofika ng'ambo.